Rida inasoma kreti 140 kati ya 180, shida ni tagi kugongana?

Kirumba_Samaki: Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, tunapokea sangara kwenye kreti za plastiki, kila kreti ina tagi ya RFID ya UHF (chipu ndogo inayojibu kwa mawimbi ya redio ikiulizwa na rida, yaani mashine ya kuzisoma). Usiku tunahesabu kreti 180 stoo, rida inanipa 140, mara 151, mara 133. Nimepandisha pawa mpaka mwisho, wapi. Kijana wa stoo anahesabu kwa kidole na tochi saa tano usiku mikono imeganda, inaniuma kweli. Kwenye setingi naona Q=4, ni ya nini?

fundi_nyegezi: Mkuu Q ndo ugonjwa wako huo. Rida inafungua raundi yenye nafasi za kujibu, idadi yake ni 2 kwa kipeo cha Q, kwahiyo 4 ni nafasi 16 tu, kila tagi inajichagulia nafasi kwa bahati nasibu. Tagi 180 hapo ni kama abiria 11 kugombania siti moja ya daladala, wakijibu pamoja rida inasikia kelele tu. Weka 7, ni nafasi 128. Nafasi zikilingana na tagi ndo mfumo unafanya kazi vizuri kuliko wote, na hata hapo ni kama asilimia 37 tu ya nafasi zinazotoa tagi moja safi.

Kirumba_Samaki: Ila ziwa likichafuka zinaingia kreti 40 tu, nitajuaje Q ya siku hiyo?

hesabu_igoma: Inakadiriwa kutokana na raundi iliyopita. Tuseme kati ya nafasi 128, tupu 31, zenye tagi moja 44, zilizogongana 53. Kila mgongano una tagi 2 au zaidi, kwahiyo tagi zilizobaki hazipungui 106, ila wastani unaotumika ni tagi 2.39 kwa kila mgongano, inakuja kama 127. Basi raundi inayofuata baki na Q 7. Rida nyingi zinajirekebisha zenyewe, washa hiyo. Na sesheni weka S2, tagi iliyosomwa inanyamaza kwanza ipishe wenzake. Halafu soma kreti moja iliyoloa ikiwa peke yake, ikikosekana huo si mgongano, maji yanameza mawimbi.

Kirumba_Samaki: Nimerudi wakuu. Q ya kujirekebisha na S2, leo 174! Sita zilizokosekana zote ni za chini kabisa, tagi zimelowa maji ya barafu. Kesho nazihamishia juu kwenye ukingo wa kreti. Asanteni sana, kijana kalala mapema leo.