Mjadala: Moto ukizunguka tangi la gesi, vali ya usalama iandikiwe joto lipi?

Mwana Mikindani
Wakuu, hoja yangu ni hii: mkaguzi asipokee karatasi ya vali ya usalama (vali inayojifungua presha ikizidi) iliyojazwa joto la kazi, yaani la siku za kawaida, nyuzi 30, kwenye mstari wa joto la gesi wakati wa moto. Gesi ya Mnazi Bay inayosafishwa Madimba, na ile ya Songo Songo kule Kilwa, karibu yote ni methani. Tangi likijaa gesi tupu, hakuna kimiminika cha kuchemka kikapoza ukuta. Presha inapanda kwa sababu gesi imefungiwa na inapata moto, basi.

Hesabu ya API 521 (kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani kuhusu kupunguza presha): chukua joto la kazi kwa kelvini, zidisha kwa presha ya kufungukia, gawa kwa presha ya kazi, zote mbili zikiwa presha kamili, yaani pamoja na ya hewa. Mfano: kazi bar 60 kamili, nyuzi 30 (kelvini 303). Vali imewekwa bar 80 za geji (bila kuhesabu hewa), sawa na kikomo cha tangi. Kwa moto inaruhusiwa asilimia 21 juu yake: 96.8, ongeza hewa, 97.8. Jibu ni kelvini 494, yaani nyuzi 221. Anayeingiza Selsiasi kwenye mgao huo anapata nyuzi 49, na namba hiyo haishtui mtu. Hapo ndipo pabaya.

Mlindi
Hesabu sawa kaka, ila usiwaache watu wakidhani joto kubwa ndiyo usalama mkubwa. Ukubwa wa tundu la vali hufuata tofauti kati ya joto la ukuta (API huchukua nyuzi 593 kwa chuma cha kaboni) na joto la gesi. Ukipandisha joto la gesi, tofauti inapungua na tundu linatoka dogo.

Tangi lako hilohilo likifanya kazi kwa bar 75, joto la kufungukia linashuka hadi nyuzi 122, na tundu linalotakiwa linakua. Kwa hiyo tundu lipimwe kwa presha ya kazi ya juu kabisa, lakini springi, gasketi na bomba la kutolea zichaguliwe kwa joto la juu kabisa. Namba mbili, kazi mbili. Karatasi yenye nafasi moja ya joto ndiyo inayotuponza.

Tena kwa bar 60 methani haifuati sheria ya gesi kamilifu. Weka kizidishi cha mgandamizo (namba ya kusahihisha tofauti hiyo) cha mwanzo na cha mwisho. Jibu linashuka nyuzi makumi kadhaa, maana yake tundu linakua tena.

Fundi Ng'apa
Mnaongea gesi kavu tu. Tangi la LPG, gesi ya mitungi ya kupikia inayohifadhiwa ikiwa kimiminika, hesabu hiyo hailihusu hata kidogo. Propani huchemka, na joto la kufungukia ni lile la kuchemkia kwenye presha hiyo: vali ya bar 17.2 za geji, pamoja na asilimia 21, ni karibu nyuzi 62. Kondenseti, kimiminika chepesi kinachotoka pamoja na gesi asilia, ni mchanganyiko: vyepesi vinatoka kwanza, kinachobaki kinachemka kwa joto la juu zaidi, na saa ya tundu kubwa kuliko yote si lazima iwe ile ya kwanza. Pimeni hatua kwa hatua.

Mwana Mikindani
Nakubali hilo la tundu, Mlindi. Sasa nijibu hili: tangi lilelile wakati wa kuwasha mtambo, presha bar 30 kamili. Joto linatoka kelvini 988, nyuzi 715. Joto hilo la gesi limeshapita 593 za ukuta, na fomula inatoa tofauti hasi.

Mlindi
Fomula inakwambia kweli: vali haitafunguka kabla chuma hakijalegea. Bamba la milimita 25 lisilo na kimiminika nyuma yake hufika nyuzi 593 kwa kama dakika 12 za moto wa wazi. Hapo vali ya ukubwa wowote ni pambo. Dawa ni kushusha presha kwa makusudi, kwa desturi hadi nusu ya presha ya usanifu ndani ya dakika 15, na kulivika tangi kizuia joto kisichong'oka kwa maji ya zimamoto.

Fundi Ng'apa
Lakini kwa bamba jembamba hizo dakika 15 ni nyingi mno. Mkaguzi aulize unene wa ukuta kwanza, ndipo afungue karatasi ya vali.