Nataka kuacha kazi Desemba nifuge kuku wa mayai 500, Morogoro. Naombeni mnikosoe hesabu

Mtunza_Stoo

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoijua kazi hii, na tafadhali mnipe hesabu kuliko hamasa. Hamasa ninazo za kutosha.

Hali ilivyo: mshahara unaoingia mkononi ni 780,000. Sekta binafsi, mkataba wa kudumu, miaka 6 sasa. Akiba ni 7,000,000. NSSF nakadiria kuna kama milioni 10, nataka nizitoe ziwe hela ya dharura. Banda lipo tayari nyumbani Kihonda, mita 8 kwa 6.

Bei nilizokusanya: kifaranga 3,500. Mfuko wa kilo 50 wa stata (chakula cha vifaranga) 70,000, growa (cha wanaokua) 58,000, leya (cha wanaotaga) 62,000. Trei ya mayai 30 kwa bei ya jumla 7,500.

Hesabu yangu: kuku 500 ni mayai 500, yaani trei 16 na ushee, sawa na 125,000 kwa siku au 3,750,000 kwa mwezi. Chakula mfuko mmoja kwa siku, 1,860,000 kwa mwezi. Inabaki 1,890,000. Chakula cha kukuzia nimetenga 2,500,000. Barua napeleka mwishoni mwa Novemba ili vifaranga wakifika niwe nyumbani. Ninachotafuta ni uhuru wa muda wangu. Nakosea wapi?

---

Pumba_na_Mashudu

Mkuu, umekosea pawili, na pa kwanza ndipo panapofilisi watu: chakula cha kabla ya yai la kwanza.

Kuku wa mayai anakula kama kilo 2 kutoka siku ya kwanza hadi wiki ya 8, kisha kama kilo 5 nyingine hadi wiki ya 18. Kwa kuku 500 hiyo ni mifuko 20 ya stata (1,400,000) na mifuko 50 ya growa (2,900,000). Jumla 4,300,000. Halafu hawaanzi kutaga wote siku moja. Wiki ya 19 hadi 21 wanakula leya karibu mfuko kwa siku huku mayai yakidondoka moja moja, hiyo ni mifuko 21 mingine, 1,302,000. Kwa hiyo chakula peke yake ni 5,600,000, wewe umetenga 2,500,000. Ongeza vifaranga 1,750,000 unapata 7,350,000. Akiba yako imeshapitwa, na hatujanunua mkaa, vyombo, chanjo wala unga wa watoto nyumbani.

Ukiacha kazi Desemba na nyumba ikila 500,000 kwa mwezi, hela inakukatikia wiki ya 14 au 15. Hapo ndipo mtu anapoanza kuchanganya growa na pumba tupu "ili wafike". Wanafika, ila wamedumaa. Tembe (kuku jike ambaye hajaanza kutaga) wa rangi ya kahawia akiwa na wiki 18 anatakiwa awe na kilo 1.4 hadi 1.5. Akiingia kwenye kutaga na kilo 1.1, hata umlishe nini baadaye hafiki kilele. Nunua mzani, kila wiki pima kuku 30 mmoja mmoja, andika. Usikadirie kwa kumshika mkononi.

La pili ni hiyo yai moja kwa kuku kwa siku. Haipo. Chukua kuku 480 (20 wamekufa njiani, na hapo umefanya vizuri), utagaji wa asilimia 80 kwa wastani wa msimu mzima. Ni mayai 384, trei 12.8 kwa siku, trei 384 kwa mwezi. Toa yaliyopasuka, zibaki 372. Mara 7,500 ni 2,790,000. Chakula ni gramu 115 kwa kuku, kilo 55 kwa siku, mifuko 33 kwa mwezi, 2,046,000. Inabaki 744,000. Toa kijana wa banda 150,000, toa dawa, maranda, maji na umeme 100,000. Zimebaki 494,000.

Bado haijaisha. Kuku hawa utawauza baada ya miezi 13 hivi ya kutaga, na kundi jipya linahitaji 6,050,000 (vifaranga na chakula hadi wiki ya 18). Ukiuza waliochoka 450 kwa 9,000 unapata 4,050,000, pengo ni milioni 2. Lazima utenge kama 155,000 kila mwezi. Faida yako halisi ni kama 340,000.

Trei ikishuka hadi 6,500, ambayo si ajabu, unapoteza 372,000 kwa mwezi na hiyo faida imeondoka yote.

---

Dada_Bandani

Mwenzangu amemaliza hesabu, mimi naangalia banda. Mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Kuku wa mayai wa chini kwenye maranda ni 5 kwa mita moja, 6 kama upepo unapita vizuri. Banda lako ni la kuku 240, ukijibana 280. Ukiwaweka 500 watadonoana hadi utumbo utoke nje, na huo si mfano wa maneno, ndivyo wanavyokufa. Urefu wa banda ulale kutoka mashariki kwenda magharibi ili jua lisiingie ndani.

Desemba Morogoro joto ni kali na mvua zinaweza kuwepo. Kwa vifaranga joto la wiki ya kwanza ni nyuzi 32 hadi 34, kisha unapunguza kama 3 kila wiki. Mchana unaweza usihitaji jiko kabisa. Usiangalie kipimajoto tu, angalia vifaranga: wakijikusanya chini ya jiko wanasikia baridi, wakijibana ukutani midomo wazi wanaungua. Na watu wanafunga turubai pande zote na jiko la mkaa ndani, asubuhi wanakuta 60 wamelala chali wakasema ni ugonjwa. Ni moshi wa mkaa. Acha nafasi ya hewa juu.

Maranda: chota gao moja, lifumbate, kisha fungua mkono. Yakibaki donge, yameloa sana na koksidia inakuja, utaona kinyesi chenye damu wiki ya 3 hadi ya 6. Yakimomonyoka taratibu yako sawa. Sehemu inayoloa kila mara ni chini ya vyombo vya maji, kwa hiyo viinue vilingane na mgongo wa kuku na ubadilishe maranda ya hapo tu.

Chanjo: ya mahepe (ugonjwa wa kupooza) vifaranga wanachanjwa huko huko wanakototoleshwa, dai uthibitisho. Siku ya 7 kideri (mdondo), 14 gumboro, 21 kideri, 28 gumboro, wiki ya 6 hadi 8 ndui, inayochomwa kwenye bawa. Baada ya hapo kideri kila miezi 3 bila kusahau. Kuna chanjo ya kideri iitwayo I-2 inayotengenezwa Kibaha, ya tone jichoni, inavumilia joto kuliko nyingine. Ya kwenye maji, kosa kubwa ni maji ya bomba yenye klorini: yanaua chanjo kabla haijafika kwa kuku. Tumia maji ya kisima safi au weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita. Waweke na kiu saa moja au mbili, na maji hayo yaishe ndani ya saa 2. Vyombo siku hiyo visioshwe kwa dawa.

---

Kanuni_za_Kazi

Mimi niongelee barua, maana humo kuna hela za watu zinapotea.

Ndugu, hizo milioni 10 za NSSF zifute kwenye mpango. Fao la kukosa ajira ni la aliyeondolewa kazini, si la aliyeandika barua mwenyewe. Michango yako haipotei, ila haitakuwa hela yako ya dharura mwezi Januari. Una kama miezi 72, pensheni inataka 180. Unaweza kuendelea kuchangia kwa hiari ukishajiajiri, nenda ofisini kwao wakuhamishie kabla pengo halijawa refu.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku zisizopungua 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Mkataba wako unaweza kutaka muda mrefu zaidi, kasome. Usipange kuitumia likizo kama notisi: havitembei pamoja. Ukiacha kufanya kazi siku za notisi, mwajiri ana haki ya kukata kiasi hicho kwenye malipo yako ya mwisho.

Unachostahili ukiacha mwenyewe: mshahara wa siku ulizofanya, likizo uliyoikusanya ambayo hukuichukua (siku 1 ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 za kazi), na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka usikihesabu, hicho ni pale mwajiri anapokuachisha yeye. Wakikuzungusha malipo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi unatakiwa uende ndani ya siku 60.

Kama una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, soma kifungu cha kuacha kazi kabla hujaandika lolote. Mara nyingi salio lote linadaiwa kwa mkupuo. Mkopo wa bodi ya elimu ya juu nao hauishi kwa sababu mwajiri hakati tena. Na bima ya afya ya kazini inakwisha na ajira. Una watoto?

---

Mtunza_Stoo

Wawili. Mkopo wa benki umebaki miezi 7. Kusema kweli nimekaa chini.

Swali: nikiruka hatua ya vifaranga nikanunua matembe wa wiki 16 nikiwa bado kazini? Kuna mtu anauza 15,000.

---

Pumba_na_Mashudu

Bei si ya wizi. Kifaranga 3,500 na chakula 8,600 hadi wiki ya 18 ni 12,100, kwa wiki 16 ni pungufu kidogo, bado chanjo, mkaa na waliokufa. Ila jiulize kwa nini anauza. Wapo wanaokuza kwa ajili ya kuuza, hao ni biashara yao, na wapo walioishiwa hela wiki ya 14 kama nilivyokuelezea, wakalisha pumba. Nenda na mzani. Wiki 16 chini ya kilo 1.3 achana nao. Papasa mfupa wa kifua, ukiwa mkali kama kisu hawajalishwa. Dai kadi ya chanjo yenye tarehe. Na usiwachanganye na kuku wengine.

Taa: wakifika wiki 18 ndipo unaongeza mwanga kidogo kidogo hadi jumla saa 16 kwa siku. Jua linakupa 12, taa 4. Ukishaongeza usipunguze. Umeme ukikatika wiki nzima bila taa ya akiba, mayai yanashuka.

Kama unafikiria kujichanganyia chakula ili kuokoa, subiri kwanza. Dagaa wenye mchanga na chumvi, pumba zenye sumukuvu, chokaa iliyokosewa kipimo: utaona ganda laini kwanza, halafu trei zinapungua, na hutajua kipi kimefanya hivyo.

---

Trei_kwa_Trei

Mnamfundisha kufuga, nani anamfundisha kuuza? Kabla ya kuku mmoja, nunua trei 20 kwa mfugaji mwingine kila Ijumaa jioni uwapelekee wauza chipsi. Huo mtaji ni 150,000 na utafanya ukiwa kazini. Utajua mambo ambayo hayapo kwenye hesabu yako: muuza chipsi anataka umwachie leo akulipe kesho, yai dogo analikataa, na mwezi wa Ramadhani wengi wanafunga vibanda mchana. Kuku wako watatoa mayai madogo wiki 3 au 4 za mwanzo, yatauzwa chini ya 7,500. Duka la jumla linachukua mengi lakini linapanga bei. Changanya: wauza chipsi 6, maduka 3, mama mmoja wa keki. Ukimtegemea dalali mmoja, siku akisema 6,000 huna pa kwenda, mayai hayangoji.

Makaratasi ni mepesi: TIN bure TRA, leseni halmashauri, na muone ofisa mifugo wa kata kuhusu sheria ndogo za kufuga katikati ya makazi. Harufu ikimfikia jirani mwenye kelele, banda litahamishwa hata kama una kila karatasi.

---

Saa_Kumi_na_Mbili

Niulize tu: ulisema uhuru wa muda. Kuku wanataga Jumapili, Idi na Krismasi. Maji lita 110 kila siku kwa hao 480, joto likizidi yanapanda. Ukisafiri kwenda msibani siku 3, nani anafunga mlango?

---

Dada_Bandani

Ndiyo maana nasema kijana wa banda aanze sasa, mwenye kazi akiwa bado analipwa. Daftari la banda liwe na mistari minne kila siku: mayai, kilo za chakula, waliokufa, maji. Maji yakipungua leo, mayai yatapungua keshokutwa. Ukiweza kuendesha banda ukiwa ofisini kwa kusoma daftari hilo jioni, basi utaweza kusafiri. Ukishindwa, kuacha kazi kutakufanya wewe ndiye kijana wa banda.

---

Mtunza_Stoo

Nimepanga upya, nikosoeni tena. Vifaranga 240, si 500. Nafanya baada ya mkopo kuisha. Vifaranga 840,000, chakula hadi wiki 21 kama 2,700,000, akiba inabaki zaidi ya 3,000,000 na mshahara unaendelea. Mayai ya wafugaji wengine naanza kuuza wiki ijayo. Barua lini?

---

Pumba_na_Mashudu

Kwa bei ulizotoa, kufikia 780,000 halisi unahitaji kuku kama 1,100 wanaotaga, yaani makundi mawili au matatu yanayopishana miezi na banda la mita za mraba 220. Barua ni baada ya hapo, na baada ya kupita angalau kipindi kimoja cha bei kushuka ukiwa bado unawalisha bila kugusa mshahara. Kwa kundi lako la kwanza kipimo ni kimoja: chakula chao ni kilo 27.6 kwa siku, 34,000. Kinalipwa na trei 4 na nusu, mayai 137, asilimia 57 ya kuku 240. Wiki ya 22 au 23 wasipokuwa wamevuka hapo, rudi hapa na daftari lako.

---

Kanuni_za_Kazi

Na likizo yako ya siku 28 usiiuze. Ichukue wiki vifaranga wanapofika.