Re: Barua ya kuingia mtaani, ERC inakaribia kuisha

Binti Pangani, Jumatatu saa 3 usiku

Wapendwa Watanzania wenzangu, habari za jioni kutoka Nairobi. Naandika na hasira bado iko kooni, mnisamehe.

Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya, ninayo, imebakiza miezi mitano. Idhini ya ERC, kamati ya maadili ya utafiti, inaisha baada ya wiki tatu. Mtaa wa kwanza tumemaliza kaya zote, sasa nataka kuongeza wa pili, kwa hiyo nikaiandikia kamati maombi mawili kwa mpigo: kuhuisha na kuongeza eneo. Kamati ikajibu, lete kwanza barua ya kukubaliwa huko unakotaka kuingia. Sawa. Leo nimekwenda ofisi ya barua hizo, jina silitaji. Dada wa dirishani akafunua karatasi zangu moja moja, kidole akikilamba, hadi akafika kwenye tarehe ya ERC. Akaigonga na kalamu mara mbili. "Hii inaisha. Halafu huu mtaa haumo. Lete ya kamati kwanza." Nikamweleza kwamba kamati ndiyo iliyonituma kwake. Akasema, "Sasa madam, hiyo ni yenu na wao," akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Nina wasaidizi wanne ninaowalipa kwa siku. Swali langu ni moja: kuna aliyewahi kupewa hiyo barua kwa kuonyesha risiti tu ya maombi ya kamati? Ndiyo au hapana.

Mzee wa South B, saa 3 na nusu

Pole sana binti yangu. Kadi ya mgeni unayo? Ukivuka siku 90 bila kujiandikisha eFNS, ule mtandao wa Uhamiaji wa wageni, hata barua ukipata itakuwa kazi bure. Mimi nilijisahau nikidhani sisi wa Afrika Mashariki tumesamehewa kila kitu. Kumbe kilichosamehewa ni viza. Nilizungushwa mpaka viatu vikaisha soli.

Binti Pangani

Shikamoo mzee. Kadi ninayo. Sikuulizia kadi.

Mstaafu wa Kibaha, saa 4 usiku

Marekebisho kidogo, maana humu watu wanachanganya. Binti ameandika vizuri, leseni. Wengine bado mnasema "kibali cha NACOSTI", na sheria iliyoiunda ni ya mwaka 2013, si ya juzi. Soma masharti nyuma ya leseni yako: kabla ya kuanza unatakiwa kumjulisha kamishna wa kaunti na gavana. Kujulisha. Hujaambiwa ukaombe ruhusa. Mimi ningeandika barua ya kuwajulisha, nigongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, niendelee na kazi.

Dada Maabara

Mstaafu, kwa heshima zote, ulistaafu lini? Nenda kwa balozi wa nyumba kumi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa uone.

Mstaafu wa Kibaha

Nairobi hakuna balozi wa nyumba kumi, mwanangu. Kuna chifu na wazee wa mtaa. Nawe jirekebishe.

Dada Maabara, saa 4 na robo

Haya, chifu. Binti, usilie, barua haiozi. Mimi mwezi uliopita nilikuwa na sampuli za kupeleka Dar, MTA, mkataba wa kuhamisha sampuli, imesainiwa pande zote mbili, kibali cha kusafirisha kipo, sanduku limefungwa saa 11 alfajiri. Kukosekana herufi moja tu kwenye jina la kati, pasipoti ina majina matatu na fomu ina mawili na nusu, tukakaa hadi saa 9 alasiri. Nimesimama pale natazama barafu kavu inayeyuka, na kule maabara nimeacha umeme umekatika na friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri inapiga king'ora. Mlinzi ananipigia simu: "Madam, ile mashini yako inalia."

Mstaafu wa Kibaha

Barafu kavu haiyeyuki. Inageuka hewa moja kwa moja.

Dada Maabara

Asante mwalimu. Ilikuwa inageuka hewa na mimi nageuka kichaa.

Msukuma wa Umoja, Jumanne saa 12 asubuhi

Nimeamka nimekuta barua tisa. Binti, sina jibu la risiti, lakini ukiwa unasubiri, pitia hojaji yako upya. Yangu ilitafsiriwa Dar na watu wazima wenye shahada. Swali: "Je, mtoto amepata homa katika wiki mbili zilizopita?" Siku ya kwanza Korogocho, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kina mama karibu wote, ndiyo. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mimi moyo mbio, nimegundua malaria mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, nakaribia kumwandikia profesa. Msaidizi wangu, kijana wa pale pale, ananitazama ninavyojaza. Akaniambia taratibu, "Kaka, hapa homa ni hii ya makamasi na kupiga chafya. Wewe unatafuta joto mwilini." Fomu za siku nzima zikaenda kwenye moto wa githeri.

Na "kuharisha" nayo. Mama mmoja alinikodolea macho hadi kijana akamwambia, "Anauliza kama mtoto anaendesha." Akacheka, akasema, "Si angesema!"

Mstaafu wa Kibaha

Fomu zenye majibu ya washiriki hazichomwi jikoni. Zinafungiwa kabatini, zinaharibiwa kwa utaratibu.

Msukuma wa Umoja

Ni mzaha, mzee. Zimo kabatini.

Binti Pangani

Hiyo ya homa imenisaidia, kaka. Yangu ina homa sehemu sita. Ina maana nikirekebisha, hojaji nayo inarudi kamati?

Dada Maabara

Inarudi. Kila neno linarudi. Mimi niliandika damu "mililita 5", wakanirudishia niandike kijiko kimoja cha chai, na nilipofika mtaani na hicho kijiko bibi mmoja akauliza kama damu yake tunakwenda kuinywa na chai. Nikakumbuka hadithi za mumiani, wanyonya damu, alizotuambia nyanya Tanga. Siku ile sikutoa damu ya mtu.

Mzee wa South B, saa 2 asubuhi

Haya yote chanzo chake ni 1977. Zamani kituo cha malaria Amani, taasisi ya Mwanza na maabara za huku zilikuwa za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye nyumba mmoja. Ikavunjika, mpaka ukafungwa, 1979 huku Kenya wakaunda taasisi yao ya utafiti wa tiba, KEMRI, na sisi Tanzania yetu, NIMR, mwaka mmoja, kama mapacha waliogombana tumboni. Leo mtoto wa Pangani anahitaji mihuri minne kumuuliza mtoto wa Kariobangi kama anakohoa.

Msukuma wa Umoja

Mzee, na sisi tusijifanye malaika. Mwaka 2025 Tanzania yetu ilipotangaza zile biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi, saluni, kutengeneza simu, mwenye nyumba wangu alinisimamisha getini: "Na wewe huku unafanya gani?" Nikamwambia nahesabu vikohozi. Hakucheka. Kodi ikapanda mwezi uliofuata, sisemi kwamba vinahusiana.

Dada Maabara

Siasa peleka kwingine. Watu wa South B na Umoja, nimeletewa dagaa wa Mwanza, gunia zima, wakavu safi, hawana mchanga. Jumamosi kwangu, njooni na vyombo. Nazi nitakuna mwenyewe, si hii ya pakiti. Nimechoka na sukuma wiki, Mungu anisamehe.

Mzee wa South B

Niwekee kilo mbili. Mama watoto hajala dagaa wa maana tangu Pasaka.

Mstaafu wa Kibaha

Dagaa wakavu hawahitaji nazi nyingi. Nyanya, kitunguu, ndimu basi.

Dada Maabara

Mtu wa Kibaha anifundishe dagaa!

Binti Pangani, saa 7 mchana

Naandikia kwenye benchi. Dada wa jana hayupo leo, yuko kaka mmoja, amesema faili langu "liko juu" na nisubiri. Juu wapi hajasema. Mbele yangu kuna watu kumi na mmoja, mmoja amekuja na mto wa kukalia, huyo ni mzoefu. Dada Maabara, nibakizie kilo moja, na usiwape wa Umoja kabla sijafika.