Naomba ushauri: ng'ombe si wangu, msaada aandikwe nani?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie mfugaji, niko Micheweni, Pemba. Masika haya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, imeniulia ng'ombe wawili wa maziwa. Matezi chini ya masikio yalivimba, homa kali, mwisho pumzi nzito na povu puani. Inauma sana.

Sasa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, anaandikisha waliofiwa na mifugo kwa ajili ya msaada wa dharura wa Serikali. Katika hao ng'ombe wawili, mmoja si wangu, mwenyewe yuko Unguja, tulikubaliana kwa mdomo tugawane ndama. Cheti cha dokta wa mifugo kina jina langu kwa wote wawili. Sheha anangoja maelekezo ya wilayani, na orodha inafungwa wiki hii.

Huyo ng'ombe asiye wangu aandikwe kwa jina langu mfugaji au la mwenye mali? Na makubaliano ya mdomo, mashahidi wawili mbele ya sheha wanatosha?