Naomba ushauri: maegesho ya wanamuziki wa taarab tunapopiga Ngome Kongwe

Habari za leo wakuu. Tuna onyesho Ngome Kongwe, Zanzibar, saa 2 usiku. Wapigaji ni 14, magari 5, na vyombo vipimwe sauti saa 10 alasiri. Shida ni pa kuegesha.

Upande wa Forodhani wauza vyakula huanza kupanga meza alasiri, na jua likishazama watu wamejaa. Gari likitoka kwenda kuegeshwa mbali halirudi karibu na lango mpaka usiku mwingi. Vichochoro vya Shangani gari halipiti.

Fidla, nai (filimbi) na udi si tatizo, mtu anabeba begani. Kazi ipo kwa besi kubwa ya kusimama, urefu karibu sentimita 180, na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayopigwa ikiwa imelazwa. Mkokoteni wenye magurudumu madogo unatikisa besi kwenye mawe, daraja linaloinua nyuzi linahama, na nguzo ya ndani inaweza kuanguka. Kanuni nayo daraja lake limekaa juu ya ngozi: ikiachwa garini juani, kisha ikakutana na upepo wa bahari, nyuzi zaidi ya 70 zinahitaji kusawazishwa upya.

Tunafikiria Noah moja ishushe vyombo vizito saa 9, mengine yabaki mitaa ya Malindi au Darajani, watu watembee.

Naomba kujua:
Ruhusa ya kusimama langoni dakika 20 huombwa kwa nani, na siku ngapi kabla?
Malindi saa 5 usiku kuna mlinzi?
Mkokoteni wa matairi ya upepo unakodishwa wapi?

Shukrani sana.