Natoka uratibu wa prodakisheni, nataka menejimenti ya filamu na TV. Nisome masta ipi, au nisisome kabisa?

Mratibu_Mchovu:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 6 kwenye uratibu wa prodakisheni, yaani mimi ndo yule anayetengeneza ratiba ya kesho, anaibadilisha saa 5 usiku sababu mwigizaji kapata mafua, alafu saa 11 alfajiri ndo wa kwanza kupigiwa simu kwamba gari halijafika. Kazi sijaichoka, nimechoka kupokea maamuzi yakiwa yameshafanyika.

Mwezi uliopita nikaingizwa kwenye kikao cha wenye pesa kwa mara ya kwanza. Mmoja akauliza, "mpaka mwisho itakula ngapi?" Mimi nikamsomea tulizokwisha lipa. Kimya. Bosi wangu akadakia akataja namba nyingine kabisa, karibu mara 2 ya yangu, na hakuna aliyeshtuka isipokuwa mimi.

Sasa nimeona kozi za aina 3, kuna MFA (masta ya sanaa) ya uprodyuza, MBA (masta ya biashara) ya kawaida, na masta ya usimamizi wa tasnia ya burudani. Nina miaka 31, digrii yangu ya kwanza ni fasihi kwahiyo hesabu zangu za fedha ni za kuungaunga. Kuongoza filamu sitaki, nataka kuwa yule anayesema mradi huu tunafanya na huu hapana. Naombeni ushauri.

Ngumi_Mkononi:
31 unaenda kukaa darasani na watoto? Hii kazi ni kujuana tu. Tunza hela yako.

Mama_Bajeti:
Mdogo wangu, huyo hapo juu kwenye kujuana hajakosea, ila anaongea kama vile kujuana kunaokotwa njiani. Nusu ya unachonunua kwenye hizo shule ni watu, wenzako wa darasani ndo watakaopokea simu zako miaka 10 ijayo.

Kabla ya shule jiulize unataka kukaa kwenye dawati gani. Kama ni kupokea hadithi, kuisuka na mwandishi mpaka iive, alafu kuitafutia hela, hiyo ni MFA ya uprodyuza. Ile Peter Stark ya chuo cha USC, Los Angeles, ipo tangu 1979, ni miaka 2, na ukienda Uingereza kuna NFTS, shule ya taifa ya filamu na TV, pale Beaconsfield nao wana masta ya uprodyuza. Kama unapenda upande wa mikataba, mauzo na takwimu, angalia ile ya usimamizi ya chuo cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka wa kwanza unasomea Pittsburgh, wa pili mnahamia Los Angeles kwenye kazi yenyewe, na mimi huo mwaka wa pili ndo naona una thamani kuliko vyote. NYU, chuo cha New York, wana ya kuunganisha MBA na MFA kwa miaka 3, hiyo ni ya mwenye pumzi. MBA tupu inakufaa ukitaka idara ya fedha au mikakati ya kampuni kubwa, lakini usitegemee mwalimu wa pale akufundishe kukagua kama haki za hadithi ziko safi toka kwa mwandishi hadi kwako.

Alafu popote uendako, hakikisha kuna mtu anafundisha foleni ya kulipwa, yaani nani analipwa kwanza na nani mwisho. Chukua mfano wa kubuni, filamu imeuzwa kwa 1,000,000. Wakala wa mauzo anachukua asilimia 20, zimebaki 800,000. Anakata gharama zake za kuitangaza 75,000, zimebaki 725,000. Benki inadai 500,000 na riba 40,000, zimebaki 185,000. Wawekezaji waliweka 300,000 na mkataba unasema warudishiwe na nyongeza ya asilimia 20, yaani 360,000. Wanagawana hizo 185,000 wananuna. Prodyuza na dairekta waliopewa asilimia za faida? Sifuri. Na filamu ILIUZWA milioni. Ukielewa hapo ndo utaelewa kwanini kwenye kikao watu wanagombania nani asimame mbele ya nani, sio asilimia ngapi.

Nipo_Nipo_Kwanza:
Mi nilimaliza masta yangu 2023. Waandishi wa WGA, chama chao kule Marekani, walikuwa wamegoma tangu Mei 2, waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA wakaingia Julai 14 na hawakutoka mpaka Novemba 9. Nikawa na shahada mpya na hakuna ofisi inayoajiri. Mwisho nikapata dawati la kupokea simu za wakala, nasikiliza maongezi yake na kuandika nani kaahidi nini, mshahara wa kuchekesha, na wale walioanza bila masta tulikaa kiti kimoja. Ila baada ya mwaka mi ndo niliyepewa mikataba nisome, wao bado wanapanga vikao. So shule haikurushi foleni dada/kaka, inakufanya usogee haraka ukishakuwa ndani.

Na kama unaenda Marekani na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kuna miezi 12 ya kufanya kazi ukimaliza, kozi zinazohesabiwa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) wanaongeza 24. Uliza kozi yako imesajiliwaje KABLA hujalipa chochote.

Ngumi_Mkononi:
Kwahiyo masta ya kupokea simu 😂

Nipo_Nipo_Kwanza:
Eeh, na bado nalipa mkopo. Cheka tu.

Mratibu_Mchovu:
Dada Mama_Bajeti asante sana, hiyo foleni nimeichora kwenye karatasi mara 3. Nikachukua na ripoti ya gharama ya kazi ya zamani nikaisoma safu zote, zilizolipwa, zilizoahidiwa, zinazotarajiwa kumalizia, na jumla ya mwisho. Kumbe kwenye kikao nilisoma safu ya kwanza tu! Na saa za ziada za madereva, zile simu zangu za saa 11, zimejaa pale zimekula bajeti ya usafiri yote. Naelekea kwenye hii ya usimamizi, nimeshawaandikia wahitimu wanne, mmoja kajibu.

Swali moja, ile asilimia 10 ya bajeti inayotengwa kwa dharura mnaiweka wapi?

Mama_Bajeti:
Chini kabisa, baada ya jumla. Na dairekta usimuonyeshe huo ukurasa.