Kasha "limefungwa" kwenye hifadhi ya nyaraka ya chuo: nifanyeje?

Swali: Naandika historia ya klabu ya midahalo ya chuo chetu. Mihtasari ya vikao nimeisoma bila shida, ila kasha la barua za mlezi wa kwanza limeandikwa "limefungwa" kwenye katalogi, bila sababu wala mwaka wa kufunguliwa. Mlezi mwenyewe alishafariki. Kuna njia ya kuliomba?

Mtunza nyaraka: Ipo. Andika barua uulize mambo haya: nani alilifunga, kwa sharti gani, hadi lini. Kama ni sharti la familia iliyotoa barua, chuo hakiwezi kulivunja, lakini kinaweza kukuombea kibali kwao. Kama ni siri za watu walio hai, huenda zimo kwenye kurasa chache tu; omba zilizobaki. Faili za wanafunzi (alama, nidhamu, ugonjwa) usizitegemee. Nazilinda kwa moyo wote: kijana aliyemweleza mlezi shida zake hakuwa anaandikia wasomaji.

Mhariri: Ongeza hili: kuruhusiwa kusoma si kuruhusiwa kuchapisha. Karatasi ni ya chuo, lakini hakimiliki ya barua kwa kawaida hubaki kwa aliyeiandika na warithi wake. Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa kuhusu hakimiliki, unataka ilindwe angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo omba vibali vyote viwili mapema.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Naanza na familia ya mlezi. Binti yake bado yuko hai.